Kichwa cha Habari Kilichompandisha Mwanahawa Treni

Niliingia kazini kwa mlango wa nyuma, maana ndoo na fagio vilikuwa huko. Hakuna aliyenieleza pale panafanywa nini. Mwenye ofisi alikuwa Mwalimu Festo, mtu aliyeacha kufundisha ili afungue tovuti ya habari za Tabora na njia ya zamani ya misafara. Aliniambia maneno machache tu: "Mama, sakafu ipige maji, lakini nyaya usiziguse." Nikapiga deki vyumba viwili nikikanyaga kwa ncha za vidole, kama mtu anayevuka siafu. Jioni niliporudi nyumbani Kwihara, jirani yangu Tatu akaniuliza, "Huko mnauza nini?" Nikamwambia bidhaa sijaiona. Nimeona watu wawili wanatazama kioo, hawasemezani.

Mmoja wa watu wawili wale alikuwa Zuhura Hamisi, mwandishi, wakati huo binti mbichi kabisa. Nimeacha kazi mwezi uliopita, naye ndiye aliyeniomba niwaandikie ninyi mnaoingia sasa. Mimi nimesoma hadi darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta koma akatafute kwingine. Habari za vyeo nitaziruka. Nilikuwa na kimoja tu, na nilikipata nikiwa nimekaa chini.

Ilikuwa kama wiki ya tatu. Nilikuwa kizingitini na ungo wa maharage ya mchana, nachambua. Zuhura alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti alichoandika kabla ya kukipandisha mtandaoni, na siku hiyo alisoma habari ya wapagazi, wale babu zetu waliobeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji na pwani. Akafika mahali akasema, "Wapagazi wengi walifariki njiani." Mimi naendelea na maharage yangu.

Mwalimu Festo akaniuliza, "Mama Kalunde, habari imeingia?"

"Imeingia, ikatoka."

"Kwa nini imetoka?"

"Hao wengi ni nani? Mimi namjua mmoja. Aliitwa Kasanda, mjomba wake bibi yangu mzaa baba. Alifia Ugogo kwa kiu. Mwenzake Mihayo akarudi na kibuyu chake kitupu, akampelekea mjane, Nyamizi. Nyamizi akakataa kukipokea. Akasema, nilikupa mume, sikukupa kibuyu."

Zuhura akageuka na kiti chake. Mwalimu akaniangalia mikono, akasema, "Mbona wewe mwenyewe umeacha kuchambua?" Kweli, nilikuwa nimeshika punje moja katikati ya hewa.

Tangu siku hiyo kila habari ilisomwa mbele yangu nikiwa na ungo. Mikono ikiendelea, habari inarudi jikoni. Mikono ikisimama, inapandishwa. Wakaniita Msikilizaji, na baadaye jina langu likawekwa kwenye ukurasa chini ya majina yao. Nilichambua maharage mengi kuliko tuliyoweza kula.

Majina hayanitoki. Sijui ni kipaji au ni ugonjwa. Nawakumbuka wote waliowahi kulala kwa baba yangu, na mama zao, na mbwa wao. Mwalimu alinifundisha kwamba msomaji akipewa jina anakaa kidogo; akipewa "wananchi" anaondoka. Zuhura ndiye aliyenifundisha simu. Alinishika kidole akakipitisha juu ya kioo polepole kama anayemfundisha mtoto kupaka mafuta. "Taratibu Bibi, haing'ati." Nilijifunza kusoma kwenye kioo kabla sijajua kusoma vizuri kwenye karatasi, na mpaka leo nikishika gazeti naligusa ili lipande juu.

Tulijifunza mambo kwa kukosea. Mwanzo tulipenda picha kubwa. Kisha tukaenda Ulyankulu kuandika habari za nyuki, tukamkuta mkulima mmoja, Yohana, amepanda juu ya kichuguu ili apate mtandao. Akatuonyesha ukurasa wetu wenyewe: kiduara kinazunguka, kinazunguka. "Nimesimama hapa tangu mlipokuja," akasema, "picha yenu ya mzinga haijateremka bado, na nyuki niliokuwa nao nyumbani wameshahama." Tukapunguza picha. Tukaweka maneno yenye kazi juu kabisa, ili hata bando likikatika katikati mtu awe ameshapata cha kuondoka nacho. Hilo liwekeni moyoni. Kuna mtu anawasoma akiwa amesimama juu ya kichuguu.

Huko huko Ulyankulu nilikutana na mzee aliyekuja nchini akiwa kijana, akikimbia vita kwao. Alinisimulia habari yake nzima, na nilipomuuliza jina la ndugu yake aliyebaki, akanitajia, kisha akasema, "Nimekutajia ili ulijue wewe. Lisiende kwenye simu." Tulikuwa na habari nzuri kuliko zote za mwaka ule, nami nikakataa ipandishwe. Mwalimu alinuna siku mbili, siku ya tatu akasema nilifanya sawa. Jina lile ninalo. Halimo kwenye daftari lolote.

Sasa nije kwa Mwanahawa, ambaye ndiye sababu ya kuandika haya, ingawa Zuhura anadhani naandika habari za kazi.

Mwanahawa binti Salehe alikuwa Mzaramo. Alikuja Tabora akiwa mke wa fundi wa reli, mume akafa, yeye akabaki hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, akisuka mikeka. Mimi Mnyamwezi. Mnaosoma hili mkiwa mbali, jueni kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo walilala kwao, waliugulia kwao, wengine walizikwa nao. Utani ukazaliwa humo. Mtani anaweza kukukamata kuku wako mchana kweupe, anaweza kukutukana mbele ya wakwe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kazi yake kubwa iko msibani. Watu wanapolia, mtani ndiye anayekuja kuwachekesha.

Mume wangu Petro alipofariki, mimi nilikuwa nimekaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu Mwanahawa akaingia amevaa koti la Petro na kofia yake, akakalia kiti chake, akakohoa kama yeye, akapiga kelele: "Kalunde! Uji uko wapi? Nimeondoka siku mbili tu nyumba imeshakuwa hivi?" Wanawake wakaangua kicheko hadi wakashikana. Mimi nikacheka, kisha nikalia vizuri, kisha nikala. Hicho ndicho alichokuwa kwangu. Watoto wangu wote wawili, Maganga na Helena, walioa na kuolewa mbali, na baada ya Petro hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kunitukana.

Kila nikitoka kazini nilipitia kwake kabla ya kupanda bodaboda ya Kwihara. Hatukuwahi kusalimiana.

"Mpagazi umekuja? Mzigo uko wapi?"

"Niliuacha pwani kwa babu yako auchunge. Akaula."

"Alikuwa na njaa. Si alikuwa ameshinda anawapikia nyie?"

"Kupika gani, mla nazi wewe! Nyie mnachemsha maji mnayaita mchuzi."

"Kaa chini basi, mla michembe, mla viazi vikavu, unaniziba mwanga."

Tunakunywa chai. Akiondoka mmoja kwenda kujisaidia mwenzake anamwibia sukari. Sufuria zangu tatu zilikuwa kwake, nami nilikuwa na mbuzi wake wa kukunia nazi, ambaye sikuwa na kazi naye hata kidogo.

Ofisini tulikuwa tunaandika mfululizo wa njia ya misafara, na Mwalimu akasema bado hatujagusa utani. "Bibi, hii ni ya kwako. Andika mwenyewe, usisimulie." Ilikuwa habari yangu ya kwanza kuandika kwa mkono wangu. Nikamwandika Mwanahawa. Niliandika kwamba ameniibia sufuria tatu, kwamba ameniibia khanga kwenye kamba, kwamba alimwibia marehemu mume wangu koti na bado akadai uji. Katikati nikaeleza utani ni nini na umetoka wapi. Mwisho nikaandika kwamba nasubiri kwa hamu afe, ili nikazirudishe sufuria zangu.

Mwalimu alitufundisha siku zote kwamba msomaji wa simu ana kidole gumba, na kidole gumba hakina subira. Kichwa cha habari lazima kimkamate. Nikaandika kichwa: "Mwizi Mkubwa wa Ng'ambo Ni Huyu." Zuhura akaenda kumpiga picha. Mwanahawa mwenyewe alichagua akae vipi. Akakumbatia sufuria yangu kifuani, akatoa macho kama aliyefumaniwa.

Siku ya kuisoma, Zuhura alisoma, mimi na ungo wangu. Mikono ilisimama tangu mstari wa kwanza. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Hakuna mmoja wetu aliyeona kosa, na nitawaambia kwa nini. Sote watatu tulizaliwa Tabora. Kwetu, ukiliweka jina la Mzaramo na neno mwizi kwenye kinywa cha Mnyamwezi, hata mtoto anajua ni mapenzi. Mikono yangu ilikuwa inampima Mwanahawa, haikuwa inampima msomaji.

Habari ilikwenda mbio. Mwanahawa alipita sokoni akiringa. "Nyie wauza dagaa, nisogeeni, mnaongea na mtu wa mtandaoni." Akanisomesha komenti moja moja, akataka nimjibie zote.

Kisha mtu mmoja, simjui mpaka leo wala jina lake sina, akapiga picha ya kioo: kichwa cha habari na picha ya Mwanahawa, basi. Yale maelezo ya katikati hayakuwemo. Picha ile ikatembea kwenye magrupu. Ikafika Dar es Salaam, kwa watu waliokuwa wameleta posa kwa binti wa Shomari.

Shomari ni mtoto wa pekee wa Mwanahawa, anaishi huko Dar. Nimembeba mgongoni. Alinipigia simu ofisini.

"Shikamoo Mama Kalunde."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

"Mama, wakwe wamesimamisha mambo. Wanauliza kama bibi yake binti ni mwizi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Shomari, si utani tu? Wewe mwenyewe unaujua."

"Mimi naujua, mama. Nimelelewa nao. Wao ni watu wa mbali, kwao hakuna kitu hicho. Wameona picha ya mama yangu na neno mwizi. Binti analia siku ya nne leo."

Tukaiondoa habari. Haikusaidia, picha ya kioo haiondolewi na aliyeandika. Mwalimu akapandisha maelezo marefu kuhusu utani, yameandikwa vizuri sana. Shomari akapiga tena. Wakwe wamesoma, wamesema maelezo si radhi. Wanataka aliyeandika akiri kwa jina lake kwamba ni uongo, na aombe radhi. La sivyo posa inavunjika, na yeye Shomari itabidi aende kushtaki, maana wazee wa upande wake nao wameanza kumuuliza ni mwanaume wa namna gani.

"Shomari, unajua unaniomba nini?"

"Najua, mama."

Msiojua nitawaambia. Mtani haombi radhi. Unamwomba radhi mtu uliyemkosea, na mtani hakosewi. Siku ukimwomba radhi umemwambia kwamba yale yote, miaka yote, yalikuwa matusi ya kweli, na kwamba yeye kwako ni mtu wa kawaida kama mwingine yeyote, wa kupimiwa maneno.

Zuhura alikuwa na mimba ya miezi saba, na hakuwa na pato jingine ila mshahara wa ofisi, ambayo kesi ingeifunga. Mwalimu alikuwa ameuza baiskeli na shamba kuifungua ile tovuti. Hakuna aliyenisukuma. Mwalimu alisema, "Bibi, usiandike usichotaka, tutaona." Lakini nilimwona akihesabu viti kwa macho. Na kule Dar kulikuwa na binti analia, jina lake Mwanahawa, kama bibi yake.

Nikaandika mistari minne. Nikasema Bi Mwanahawa binti Salehe hajawahi kuniibia kitu, ni mwanamke mwaminifu na wa heshima, na namwomba radhi yeye na familia yake. Zuhura aliisoma kwa sauti kama kawaida. Mikono yangu iliendelea kuchambua. Tukaipandisha hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi Mwanahawa akaja ofisini. Hajawahi kuja ofisini. Alikuwa ameazima simu ya jirani, ameishika mbele kama mtu aliyeshika yai. Alizoea herufi za Kiarabu; hizi zetu alizisoma polepole, kwa kidole.

"Kalunde, hii ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umeandika mimi mwaminifu."

"Shomari alitaka. Kwa ajili ya mjukuu wako."

"Shomari nilimzaa mimi, namjua, mwoga tangu tumboni. Nakuuliza wewe." Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa. Umeniomba radhi?"

"Mwanahawa, kaa kwanza."

"Sikai. Umeniomba radhi mbele ya watu, kama tumegongana sokoni."

Nikasema, "Basi nisamehe."

"Unaona?" akasema. "Umerudia."

Zuhura alitoka nje. Mimi nilitafuta tusi. Nawaambia kweli, nilitafuta hata dogo, la nazi, la babu yake, nikakuta mdomoni hamna kitu. Nimeyaandika mawili matatu hapa leo bila shida, ila siku ile hayakuja. Akaniangalia kwa muda akinisubiri, namjua, alikuwa ananisubiri. Kisha akafunga khanga yake kichwani akasema, "Haya. Nashukuru, dada."

Dada. Hajawahi kuniita dada.

Posa ilipita. Shomari akaja kumchukua mama yake. Alisema mama yuko peke yake huku na anazeeka, na kwamba harusi inamtaka. Asubuhi ya safari nilikwenda stesheni. Alikuwa amekaa juu ya furushi la mikeka. Aliniletea sufuria zangu tatu, zimesuguliwa kwa mchanga hadi zinang'aa, zimefungwa kamba. Na mimi nilikuwa na mbuzi wake wa nazi kwenye kikapu, nikampa. Tukashukuriana. Shomari akasimama kando anaangalia viatu. Nadhani alijua kwamba watani hawarudishiani vitu. Treni ilipoanza kwenda, Mwanahawa alinipungia mkono vizuri, kwa adabu, kama mtu anayewapungia watu wa ofisi.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi sana. Mnaosema Bibi alikuwa na bidii, bidii ile ilitoka hapo. Nikitoka mapema sikuwa na pa kupitia. Nilikaa hadi Mwalimu anazima taa, nikawa nafika kwanza asubuhi. Tukaandika vitabu vidogo vya kusomea kwenye simu, kimoja cha kilimo cha karanga, kimoja cha majina ya vijiji vya njia ya misafara na sababu za majina hayo, na sauti yangu ikarekodiwa kwa wasioweza kusoma. Watu walinisikia hadi huko waliko. Waliandika, "Hongera Bibi," "Mungu akuweke Bibi." Wote walikuwa wananiheshimu. Hamjui heshima ya watu wengi inavyoweza kuwa baridi.

Nilianzisha kanuni mbili ambazo mpaka leo mnazikuta zimebandikwa juu ya meza ya Zuhura. Ya kwanza: kichwa cha habari asomewe mtu ambaye hakuzaliwa Tabora, bila habari yenyewe, aulizwe ameelewa nini. Tulimpata mama mmoja muuza mitumba kutoka Mbeya, Sekela, naye ni mkali, ameturudishia vichwa vingi. Ya pili: maelezo yanayobeba habari yasikae katikati. Yakae juu, hata ndani ya picha yenyewe, kwa sababu watu hukata. Mwalimu anasema kanuni hizi zimetuokoa mara nyingi. Ninaamini.

Kwa simu tulizungumza Ijumaa, mimi na Mwanahawa, baada ya swala yake.

"Hujambo, dada Kalunde?"

"Sijambo dada. Za huko?"

"Njema. Miguu tu."

"Pole na miguu."

"Nimeshapoa. Za kazi?"

"Tunamshukuru Mungu."

Kisha tunasikiliza pumzi. Mara moja nilijaribu. Nikamwambia, "Huko pwani wameshakufundisha kufanya kazi, au bado unalala mchana?" Nikangoja. Akasema, "Nalala kidogo mchana, ndiyo, daktari kanishauri." Kwa upole kabisa. Nikasema vizuri, afuate ushauri. Baada ya hapo sikujaribu tena.

Jumapili moja, baada ya masika, nilikuwa ofisini peke yangu. Kazi ya deki sikuiacha hata nilipokuwa Msikilizaji. Jumapili ndiyo siku nzuri, hakuna wa kukanyaga. Saa nane mchana simu ikalia. Shomari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nikasikia nyuma yake watu wengi. Nikaweka dekio chini.

"Mama, mama ametangulia. Asubuhi. Tunazika alasiri hii."

Nilikaa kwenye kiti cha Mwalimu. Treni ni siku na zaidi, basi ni kutwa nzima. Hata ningeota mabawa nisingefika alasiri.

"Mama, uko?"

"Nipo."

"Wazee hapa wanauliza mtani yuko wapi. Wamezuia mwili usitoke. Wanasema mtu aliyekaa Unyamwezini maisha yote hawezi kuondoka bila mtani kusema neno. Nimewaambia yupo, yuko Tabora. Wanasema basi mpigie. Nikuweke kwenye spika?"

"Shomari. Wakwe zako wapo hapo?"

"Wapo. Waache wasikie."

Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu, na mtu mmoja mzee akisema, "Haya, nyamazeni, Mnyamwezi anaongea." Vilio vikashuka. Mimi niko Tabora kwenye chumba chenye maji sakafuni, sioni mtu, naona kioo tu.

Nikasema, "Mwanahawa! Mvivu wewe! Hata kufa umengoja mpaka kuwe na watu wa kukubeba!"

Kwanza mwanamke mmoja akaguna, na mwingine akacheka ndani ya khanga.

"Sisi Wanyamwezi tumebeba pembe, tumebeba chumvi, tumebeba hadi wazungu wenye homa, lakini wewe hatukubebi! Umejaa nazi! Shomari, mwambie ashuke atembee, makaburi si mbali!"

Hapo wakacheka. Nilisikia wazee wa kiume wakipiga makofi. Kicheko cha msibani mnakijua, kinatoka na machozi yake. Sikuwapa nafasi.

"Na ile radhi niliyokupa! Nani alikwambia uichukue? Nilikuwekea tu mezani nigeuke, wewe ukabeba! Irudishe! Mwizi mkubwa wewe, huna haya, unaondoka duniani na mali ya watu! Sikukosea kitu! Sikuombi radhi, na hata huko nikija sitakuomba, nitakuja kukupekua!"

Nilisema hivyo kisha nikanyamaza, kwa sababu hapo ndipo anapojibu.

Shomari alikuwa anacheka na analia, nilimsikia karibu na simu. Yule mzee akasema, "Mtani amemruhusu. Inueni." Wakainua. Wanaume wakaanza kutamka shahada, na sauti zao zikatoka mlangoni, zikaenda, zikawa ndogo, zikaisha. Simu Shomari aliisahau pale pale ilipokuwa. Sikukata. Nilisikia mikeka inakunjwa, sufuria zinagongana, mtoto anaulizia maji. Muda mrefu kidogo. Kisha mwanamke mmoja akaiokota.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mimi mtani wa marehemu. Kalunde, wa Tabora."

"Aa, wewe ndiye wewe." Sijui alikuwa nani, sauti ya kijana. "Pole sana, bibi."

Nimekwenda misiba mingi kama mtani, nami nitawatajia yote mkitaka. Hakuna hata mmoja nilipopewa pole. Mtani anakuja kuchekesha, hapewi.

"Asante mwanangu," nikasema. "Nimepoa."